Determine HBsAg 2: kipimo kizuri mkononi mwa anayetazama saa

Kati ya vipimo vya haraka vya homa ya ini B, hiki cha Abbott ndicho tunachokipendekeza kwa kliniki ya wajawazito na kwa maabara isiyo na mashine ya ELISA, ile ya kupimia antijeni na kingamwili kwa vibakuli vidogo. Sababu kubwa ni ukali wake: hunasa antijeni ya HBsAg, yaani protini ya ganda la virusi vya homa ya ini B, ikiwa 0.1 IU (yuniti ya kimataifa) tu kwa mililita, ilhali Shirika la Afya Duniani huridhika na 4 IU kwa vipimo vya haraka. Tofauti hiyo ina maana sana. Mwenye antijeni kidogo hupimwa kwa stripu (ukanda wa kupimia) dhaifu, akaambiwa hana kitu, akarudi nyumbani na virusi vyake.

Sampuli ni mikrolita 50. Seramu au plazma huwekwa kwenye pedi yenye mshale, basi. Damu nzima, ya mshipa au ya kidole, iache inywewe kwanza ndipo udondoshe tone moja la bafa, majimaji ya kusukuma damu kwenye stripu. Hapa wengi huharibu: bafa ikiwahishwa, wekundu hutapakaa na kuufunika mstari. Maji hayafai kuwa mbadala wake, wala bafa ya kipimo kingine. Kapilari, yaani mrija mwembamba wa kuchukulia damu ya kidole, iwe na EDTA ya kuzuia damu kuganda, ijae hadi alama yake.

Soma dakika 15 zikitimia, si kabla. Mstari wa mgonjwa ukiwa hafifu, nao wa udhibiti, unaoonyesha kuwa kipimo kimefanya kazi, upo, jibu ni chanya. Hakuna "labda" hapa, na anayeandika hasi kwa sababu mstari haukukolea anamnyima mtu matibabu. Mstari wa udhibiti usipotokea, tupa, rudia na stripu mpya.

Kasoro zipo. Stripu huja kumi kwenye kadi moja, na lazima uanze kuchana kulia, kwa kuwa namba ya toleo iko kushoto, nayo ibaki hadi mwisho. Bafa na kapilari mara nyingi huuzwa kando, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Joto la kuhifadhia ni nyuzi 2 hadi 30. Stoo ya bati ya Tanga au Mombasa mwezi wa pili huvuka hapo mchana kweupe.

Zaidi ya yote, kipimo hiki hujibu swali moja tu: antijeni ipo au haipo. Kujua kama maambukizi ni sugu, HBsAg iwe bado ipo baada ya miezi 6. Anayetaka kujua kama chanjo imemkinga apime anti-HBs, kingamwili dhidi ya antijeni hiyo, akitafuta 10 mIU kwa mililita au zaidi. Kwa stripu hii atapoteza pesa zake. Tena aliyechanjwa siku chache zilizopita anaweza kutoka chanya kwa antijeni ya chanjo yenyewe, basi muulize kabla ya kumtoboa. Homa ya ini C ina kipimo chake, na kingamwili zake zikionekana, kipimo cha RNA, chembe za urithi za virusi hivyo, ndicho kinachothibitisha kuwa virusi bado vipo.

Kuamua dawa ya homa ya ini B mara nyingi hutumia ALT, kimeng'enya cha damu kinachopanda ini likiumia, na wingi wa DNA ya virusi. Hospitali yenye GeneXpert, mashine ya kupima vinasaba vya vijidudu, ya kifua kikuu inaweza kupima DNA hiyo kwa mashine ile ile, ikiagiza katriji za HBV.

Kwa benki ya damu hatuishauri stripu hii iwe kipimo pekee: chupa za wachangiaji zipitie ELISA au mashine iliyo kali zaidi.