Bunduki ya Kwanza ya Kupigia Visahani: Ipi Ununue Ukiwa Malindi

Swali huja kijiweni baada ya alasiri, kahawa chungu mkononi na kipande cha halua juu ya karatasi: "Kaka, nikitaka kuingia kwenye mchezo wako wa visahani, ninunue bunduki gani?" Jibu langu huwaudhi wengi. Usinunue. Bado. Anza kwa kupiga ya klabu.

Mimi niliuanzia Kuwait nikiwa dereva wa nyumba. Bosi wangu alikuwa mlenga shabaha, na kazi yangu ilikuwa kumbebea masanduku ya risasi, mpaka siku aliyonipa bunduki yake nijaribu. Wenzetu kule mchezo huu wanaujua. Fehaid Al-Deehani wao alileta shaba kutoka Sydney 2000, shaba nyingine London 2012, kisha akachukua dhahabu Rio 2016 chini ya bendera ya Olimpiki, kwa kuwa nchi yake ilikuwa imefungiwa. Nilirudi Malindi na kiu ya visahani, na kidogo nifanye kosa la kila mgeni: kukimbilia duka la silaha kabla sijajua bega langu linataka nini.

Kwa asiyeujua: mtambo umefichwa chini ya ardhi mbele yako. Unapaza sauti, kisahani kinaruka kwenda mbali nawe, na upande kitakakoelekea hujui. Jina la Kiingereza, clay pigeon, husema ni cha udongo, lakini visahani vya siku hizi ni lami na unga wa chokaa, upana milimita 110, uzito gramu 105. Mzunguko mmoja ni visahani 25, unahama vituo vitano. Kwenye mtindo wa Olimpiki mitambo ni 15, unasimama mita 15 nyuma yake, kisahani kinatoka kwa kasi inayopita kilomita 100 kwa saa, nawe unaruhusiwa risasi mbili kwa kila kimoja. Hizo risasi mbili zikumbuke, maana ndizo zitakazoamua orodha yangu.

Basi ununue nini kwanza? Vifuniko vya masikio. Mlio wa bunduki ya marisau, yaani ya punje ndogo nyingi kwa mpigo mmoja, unapita desibeli 140, na sikio likishaharibika halina spea. Vaa vizibo vya ndani na vifuniko vya juu kwa pamoja. Cha pili ni miwani ya kinga, kwa sababu vipande vya visahani hurudi na upepo. Hivi viwili nunua vipya na vizuri hata kama bunduki yenyewe itakuwa ya mkono wa tatu.

Cha tatu ni karatasi. Kenya hununui bunduki kisha ukatafuta cheti. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, cheti hutangulia. Unapeleka ombi kwa Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha, unaeleza sababu yako, unachunguzwa, na cheti kikitoka kimetaja silaha yako na idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua na kuweka. Ile ya marehemu babu iliyofungwa kangani juu ya kabati nayo haikuachi nje ya sheria. Mrithi anahitaji cheti chake. Na kwa ndugu zangu wa Lamu, tangu shambulio la Mpeketoni 2014 mnajua wenyewe bunduki inavyotazamwa huko. Usimshangae jirani akiuliza, wala usiibebe kwa majigambo.

Cha nne ni kabati la chuma, limefungwa kwa bolti ukutani, funguo unazo wewe tu. Risasi zake zifungiwe mahali pengine. Nyumba zetu hazikosi watoto wa shangazi na wa jirani wanaoingia na kutoka.

Hapo sasa tuzungumze bunduki. Kabla ya jina la kampuni, angalia mwili wako. Nyoosha mikono mbele, kutanisha viganja ubakishe kitundu kidogo, tazama kitu cha mbali ndani yake, tuseme ile nguzo ya Vasco da Gama ukiwa upande wa pili wa ghuba. Fumba jicho moja, kisha jingine. Jicho linalobaki na nguzo ndilo jicho lako kuu. Kama unatumia mkono wa kulia na jicho kuu ni la kushoto, mwambie mwalimu mapema, utajiokoa miezi ya kukosa bila kujua sababu.

Kisha kitako. Hakikisha bunduki ni tupu, fumba macho, ipandishe begani na shavuni kama kawaida yako, fumbua. Ukiona reli ya juu ya mtutu imenyooka mbele ya jicho, ukaiona kwa juu kidogo tu, ni yako. Ukiona mgongo wa chuma, au ukilazimika kukunja shingo, si yako hata akikupa bure. Bunduki za mchezo huu hutengenezwa zipige juu kidogo ya unapolenga, kwa sababu kisahani kinapanda. Uzito wa kilo tatu na nusu hadi nne usikutishe. Nyepesi inapendeza dukani, ila baada ya risasi 50 utaipata begani.

Namba ya mtutu ni 12. Hesabu yake ni ya zamani: risasi 12 za duara za upana wa mtutu ule hufanya ratili moja. Namba 20 ina marisau machache, na mgeni anahitaji kila punje. Mtutu uwe wa inchi 30, kama sentimita 76.

Orodha yangu ndiyo hii, kutoka ninayoipenda kushuka chini.

1. Mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, iliyotumika. Hii ndiyo nimpayo mgeni bila kusita. Una risasi mbili, na kila mtutu una mbano wake, yaani jinsi mdomo wake unavyobanwa ili marisau yasitawanyike mapema: wa kwanza nusu, wa pili mbano kamili, maana kisahani cha risasi ya pili kimeshakwenda mbali. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Ukiivunja katikati, yaani ukiikunja kwenye bawaba mitutu ikainama, kila mtu uwanjani anaona ni tupu. Hakuna kubishana, hakuna "nilidhani". Sisi wa Malindi tuna bahati yetu hapa, maana nusu ya mji unasema Kitaliano na mchezo huu ni wa Waitaliano hasa. Beretta wanatoka Gardone Val Trompia, mkoa wa Brescia, na kumbukumbu zao za kazi zinaanzia 1526. Kuna mzee wa Kitaliano kule Casuarina ambaye ukimtajia visahani anasahau kahawa yake ikapoa. Yeye ndiye aliyenifundisha kukagua bunduki iliyotumika: ifunge, shika kitako, tikisa sehemu ya mbele kwa upole. Ikicheza, waachie. Chungulia ndani ya mitutu dhidi ya mwanga, utafute vishimo vya kutu na mibonyeo. Beretta 686 Silver Pigeon mpya kule Marekani hupita dola 2,000, kabla ya usafiri na ushuru, ndiyo maana nasema iliyotumika. Browning Citori inayoundwa Japani na Miroku naiweka sawa nayo, uchague inayokukaa shavuni. Pesa zikipungua kuna za Uturuki, ambazo nyingine ni nzuri na nyingine ni za kubahatisha, na kuna Baikal ya Urusi, nzito kama mtaimbo, haina sura, lakini inapiga mpaka uchoke wewe. Perazzi iache. Ikiwa mpya inapita dola 10,000, na visahani unavyokosa leo utavikosa nayo vilevile.

2. Ya kujikoki yenyewe kwa gesi, kama Beretta A300. Teke lake ni laini kuliko zote, kwa sababu sehemu ya nguvu inatumika kuendesha mtambo wake. Kwa mwenye mwili mdogo, au bega lililowahi kuumia, ningeipandisha namba moja. Kasoro zake ni kwamba inatupa maganda kulia, moja kwa moja kwa jirani yako kituoni, ambaye hatakushukuru. Mbano wake ni mmoja kwa risasi zote mbili. Na ina vijisehemu vingi vya kusafisha. Chumvi ya huku hupenda vijisehemu.

3. Ya kukoki kwa mkono. Remington 870 ipo tangu 1950, Mossberg 500 tangu 1961, zote ni bei nafuu na hazijui kugoma. Tatizo ni risasi ya pili: kisahani kinakimbia, wewe unavuta na kusukuma, mtutu umeshahama. Wapo wanaoiweza, na ukiwaona unaweza kudhani ni rahisi. Kwa wa mkono wa kushoto, Mossberg ina kifungio cha usalama juu ya mgongo, kidole gumba kinakifikia bila shida. Angalia usiuziwe ile ya mtutu mfupi ya walinzi. Ile si ya mchezo huu.

4. Mtutu mmoja wa visahani, Browning BT-99. Ajabu ni kwamba ni bunduki bora kabisa, ila kwa mchezo wa Kimarekani wa risasi moja kwa kisahani. Sisi tuliorithi mitindo ya Uingereza na Olimpiki tuna ya pili, na yeye hana.

5. Mitutu ya ubavu kwa ubavu ya urithi. Nzuri kwa hadithi. Nyingi za zamani zina chumba cha risasi cha milimita 65, na risasi za leo ni za 70. Itaingia vizuri kabisa, kisha shinikizo likapanda kupita kiasi ambacho mtutu ulijengewa. Usiijaribu kabla fundi mwenye leseni hajaipima.

6. Mtutu mmoja mwepesi wa shambani. Ilitengenezwa kubebwa siku nzima na kupigwa mara moja. Kwa risasi 25 mfululizo utaanza kufumba macho kabla ya kufyatua, na tabia hiyo ikishaingia haitoki upesi.

Risasi zenyewe hazina maneno mengi: gramu 24 za marisau namba 7½, ambazo ni punje karibu 300, ndicho kipimo cha Olimpiki na zinamtosha mgeni. Gramu 28 zitakuongezea michubuko kwanza, visahani baadaye. Ila piga hesabu. Mzunguko mmoja unaweza kula risasi 50, na mazoezi ya maana ni mizunguko mitatu. Mimi hupanda hadi Nairobi kupiga, kwa hiyo juu yake weka nauli na malazi. Ndani ya mwaka risasi na safari zitakuwa zimepita bei ya bunduki namba moja hapo juu, na ndiyo sababu nilisema anza kwa kupiga ya klabu, chini ya msimamizi, safari nne tano. Wengi huishia hapo, wakabaki na pesa zao.

Upepo tunaujua wenyewe. Kusi likivuma usoni kisahani kinainuka, likitoka mgongoni kinazama. Mvuvi wa Shela hahitaji kufundishwa hilo.

Jambo moja duka halitakuambia, maana liko Nairobi kwenye hewa kavu. Mwaka wangu wa kwanza nilirudi safarini usiku, nimechoka, nikaifunga bunduki kabatini ikiwa ndani ya mfuko wake wa ngozi. Ilikuwa masika. Baada ya wiki tatu nikaifungua, mitutu imetoka madoa ya kahawia kama ndizi iliyoiva. Ngozi na sifongo hunywa unyevu na kuushikilia. Mzee wa Casuarina alipoiona hakusema neno, akachukua sufi ya chuma laini kabisa na mafuta, akasugua na kunikabidhi nimalizie. Ilinichukua Jumapili mbili. Sasa inakaa wazi kabatini, imesimama mdomo chini ili mafuta yasishukie kwenye mbao za kitako, vipakiti vya kufyonza unyevu vimepangwa sakafuni, na kila Ijumaa kabla ya kuoga naipitishia kitambaa cha mafuta, nimepiga au sikupiga.