Duka la sola Ngamiani, Tanga: hawana haraka na hela yako

Nauza samaki Sahare, nina friza mbili, na umeme ukikatika usiku, changu na nguru wangu wote roho juu. Maduka niliyopitia kutafuta sola yalianza na bajeti. Hawa wa Barabara ya 8 wao waliuliza friza inakula kiasi gani. Sikujua. Fundi akaja kuchomeka kimita kwenye soketi, kikakaa mchana na usiku: uniti moja na nusu kwa friza moja.

Nilitaka paneli nne kwa mpigo. Akakataa. "Mama, tuanze na friza moja, tuone masika itasemaje." Paneli mbili za wati 550, nafasi ya nyingine imeachwa, friza ya pili ibaki kwenye umeme wa LUKU. Duka linalopunguza oda ya mteja, mimi nilikuwa sijaliona.

Betri za asidi ni nafuu, zilinivutia. Akanieleza kwamba ukizishusha chini ya nusu kila usiku hazidumu, na joto la Tanga linazimaliza upesi. Lithiamu unaitumia hadi asilimia 80 na zaidi bila wasiwasi. Nikachukua ya uniti mbili na nusu, inavusha usiku na mchana wa mawingu. Inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uweze kuendesha friza, alichagua kubwa kuliko nilivyotarajia, kwa sababu kompresa ya friza ikianza kuwaka huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake, na inveta ndogo huzima palepale.

Kisha mnazi wa jirani. Kivuli chake alasiri kingepunguza umeme, halafu nazi nayo haina adabu. Paneli zikahamia kwenye paa la jiko, zikielekea kaskazini, zimeinama kidogo mvua izioshe.

Sasa lawama. Walikuja na bolti za kawaida, kando ya bahari! Nikagoma mpaka wakaleta za stenlesi. Malipo tulikata mafungu matatu. La mwisho nililishika mpaka friza ilipofanya kazi wiki mbili mfululizo. Walinung'unika, wakakubali.

Karatasi ya waranti ndiyo iliyoniudhi. Betri miaka mitano, sawa, lakini haikusema ikiharibika nani atalipia kuipeleka Dar. Nimewaandikisha kwa mkono kwamba ni wao, wakagonga muhuri. Ukienda, dai mstari huo kabla hujatoa hata shilingi. Nyota nne.