Uchambuzi wa Pakiti ya Mbegu za Clitoria ternatea, Ua la Buluu Linalotambaa

Ndugu watazamaji, karibuni. Leo ninaichambua pakiti ya mbegu za Clitoria ternatea, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa juu ya kamba au uzio na kutoa maua ya buluu iliyokolea, yale ambayo watu huyakausha na kuyapika chai. Niliinunua hapa Dar es Salaam kwa shilingi 3,000, na ndani yake nilihesabu mbegu 20. Mbegu zenyewe ni nzuri na ninazipendekeza, lakini maelezo yaliyochapishwa mgongoni mwa pakiti yameacha jambo ambalo bila hilo mnunuzi ataamini kwamba ameuziwa mbegu mbovu.

Maelezo yanasema tu kwamba mbegu ifukiwe kina cha sentimita 1 na kumwagiliwa kila siku. Nilifanya hivyo kwa mbegu 10, na baada ya wiki tatu zilikuwa zimeota 2 pekee. Nilipozifukua zilizosalia nilizikuta ngumu na zinang'aa vilevile kama zilivyotoka kwenye pakiti. Hazikuoza wala kuvimba, kwa sababu maji hayakuwahi kupenya ganda.

Kwa hiyo zile 10 za pili nilizisugua moja moja kwenye msasa. Tazameni hii niliyoishika: hapa pana kovu dogo ambapo mbegu ilishikana na ganda la tunda, nanyi msiliguse, sugueni upande wa pili, taratibu, mpaka rangi iliyopauka ya ndani ianze kuonekana. Kisha nikaziloweka usiku kucha katika maji ya uvuguvugu. Asubuhi zilikuwa zimevimba, isipokuwa moja ambayo niliisugua tena na kuirudisha majini. Safari hii zikaota 8, na ya kwanza ilichomoza siku ya sita. Nilifurahi sana.

Zipandeni moja kwa moja pale zitakapokulia, kwa kuwa mzizi mkuu huenda chini mapema na mche haupendi kuhamishwa. Mimi nimetumia ndoo ya lita 20 iliyotobolewa kitako, nikaacha miche mitatu, nikafunga kamba za katani hadi kwenye nondo za dirisha, na mashina yakajizungusha yenyewe. Mahali pawe na jua la kutosha. Mbolea ya urea haihitajiki, maana mizizi ya mmea huu ina vinundu vyenye bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, na ikizidi mtapata majani mengi na maua machache.

Lipo pia suala la picha ya pakiti, inayoonyesha ua lenye petali nyingi zilizorundikana. Yangu yote yametoka ya kawaida, yenye petali moja kubwa na doa la manjano hafifu katikati, na ingawa nayapenda hivi yalivyo, mnunuzi alistahili kuonyeshwa ua atakalolipata.

Kila ua hudumu siku moja, lakini mengine hufuata mfululizo. Machache nimeyaacha yazae, na maganda haya bapa yanapogeuka kahawia huwa nayachuma kabla hayajapasuka na kurusha mbegu. Katika hili nililolifungua sasa hivi zimo 8, kwa hiyo pakiti ya pili sitahitaji kuinunua.