Safu ya wauza unga katika soko la Kenya, Lubumbashi: kopo, bei na dola

Katika soko la Kenya, komuni (yaani wilaya ya mji) ya Lubumbashi nchini Kongo, unga wa mahindi huuzwa kwa njia mbili: kwa mfuko wa kilo 25, na kwa meka, yaani kopo ambalo muuzaji hulijaza mbele ya macho ya mnunuzi. Tathmini hii inahusu zaidi njia ya pili, kwa sababu ndiyo inayotumiwa na wakaaji wengi wa Kenya, Katuba na Kamalondo ambao hupata pesa kwa siku na si kwa mwezi: mpakiaji wa mizigo, mfua nguo, mwendesha pikipiki, mama anayeuza nyanya kwa mafungu. Niseme mapema kwamba naipendelea safu hiyo kuliko maduka mengi ya katikati ya mji, lakini upendeleo wangu una masharti, na masharti hayo yameongezeka kadiri bei zilivyozidi kuyumba.

Sharti la kwanza ni kulitazama kopo lenyewe. Meka haina muhuri wa serikali wala namba ya uzito, hivyo uaminifu wake ni uaminifu wa aliyeishika. Wauzaji wanaoheshimika wana kopo lenye kitako bapa na ukingo ulionyooka, nao hulundika unga mpaka ufanye kilele kinachoanza kumwagika pembeni. Bei ya jumla inapopanda, na kila muuzaji akiogopa kuwa wa kwanza kuitamka bei mpya, kinachobadilika ni kopo: kitako hugongwa mpaka kiinuke kwa ndani, ukingo hubonyezwa, na kilele hupanguswa kwa kiganja kabla unga haujaingia katika mfuko wa mteja. Ukiuliza, utajibiwa kwa upole, “Njo bei ya jana, papa,” na ni kweli kabisa, bei ni ya jana. Mama anayesonga bukari, yaani ugali, kwa watu wanane ndiye atakayejua jioni, mwiko ukiwa mkononi, kwamba unga haukutosha.

Hata hivyo, singependa wauzaji hao wahukumiwe kama wezi. Wengi wao huchukua mfuko asubuhi kwa deni kutoka kwa mwenye ghala, hulipa ushuru wa soko kabla hawajauza chochote, na jioni hurudisha pesa wakiwa wamebakiwa na faida ndogo sana. Mteja wa kila siku hupewa matabishi, ngumi moja ya unga juu ya kipimo, na siku asipokuwa na kitu hukopeshwa mpaka kesho bila karatasi wala riba. Hakuna duka la mjini litakalomfanyia hivyo. Ndiyo maana ushauri wa kawaida kwamba maskini anunue mfuko mzima ili apate unafuu kwa kila kilo, ingawa hesabu yake ni sahihi, huwasaidia wachache tu: asiye na pesa ya mfuko mzima asubuhi hawezi kuufaidi unafuu huo, hata akiujua kwa ncha za vidole.

Lawama yangu kubwa iko nyuma ya safu, kwenye maghala na maduka ya jumla. Huko bei hufikiriwa kwa dola na kutamkwa kwa faranga, na namna ya kuhama kutoka sarafu moja hadi nyingine haiwi ileile kila siku. Faranga inaposhuka, bei mpya huandikwa kabla ya saa sita mchana. Katika miezi ya mwisho ya mwaka 2025 ilitokea kinyume chake: faranga ya Kongo ilipanda thamani kwa kasi, na dola moja, ambayo watu walikuwa wamezoea kuibadilisha kwa zaidi ya faranga 2,800, ikashuka chini ya 2,500. Tuchukue mfano wa hesabu tu: bidhaa ya dola 15 ingetakiwa kushuka kutoka faranga 42,000 hadi 37,500 au chini ya hapo. Badala yake, maduka mengi yaliendelea kutoza faranga zilezile za zamani kwa hoja kwamba mzigo ulinunuliwa kwa kiwango cha zamani, hoja ambayo haikusikika hata mara moja wakati faranga ilipokuwa ikianguka. Duka moja la jumla jirani na soko, ambalo sitalitaja jina, lilikuwa na viwango viwili juu ya kaunta moja: ukilipa kwa faranga, bei ilikokotolewa kwa kiwango cha zamani, ukitoa dola, ilipokelewa kwa kiwango kipya. Mteja aliumia kwa mkono wowote aliotumia kulipa.

Kwenye meka, punguzo lilichelewa na likafika nusu. Sababu moja haina ubaya wa mtu yeyote: bei ya kopo husogea kwa kufuata noti zilizopo. Ikiwa haki ya mteja ni kupunguziwa faranga 130, na chenji ya kiasi hicho haipatikani, bei hubaki palepale. Lakini kupanda kunapofika, hakuna anayeongeza faranga 130, huongezwa 200 au 500. Kwa anayenunua mara moja kwa mwezi tofauti hiyo ni upuuzi, ila kwa anayenunua kila jioni inakuwa gharama ya kweli ambayo haiandikwi popote.

Unga wenyewe, kwa sehemu kubwa, hutoka kusini, nchini Zambia, ukipita Kasumbalesa, mpaka ulio umbali wa kilomita zipatazo 90 kutoka mjini. Kwa sababu hiyo mvua ya Zambia ni habari ya jikoni kwetu. Ukame wa msimu wa 2023 na 2024 uliilazimu serikali ya Zambia kutangaza janga la kitaifa mwezi Februari 2024, na uuzaji wa mahindi nje ukabanwa. Katika soko la Kenya tuliona mifuko yenye maandishi ya nchi nyingine, Tanzania na Afrika Kusini, na bei ambazo ziliwafanya watu wengi wapunguze mlo mmoja. Mavuno ya Zambia ya 2025 yalizidi tani milioni 3.6, na safu ikapumua. Inashangaza kidogo kwamba mkoa wenye ardhi kama yetu bado husubiri lori la jirani. Moïse Katumbi alipokuwa gavana wa Katanga, mkoa wetu wa wakati huo, makampuni ya madini yalitakiwa kulima hekta 500 kila moja, na sasa tunayo pia mahindi ya Kaniama-Kasese yanayolimwa na Service National, shirika la serikali. Unga wa Kaniama-Kasese unapofika mjini kwa bei nafuu ni mzuri na unasonga vizuri. Kasoro yake ni kwamba haufiki kila wakati, na mara nyingi huuzwa kwa mfuko, jambo linaloturudisha kwa yule asiye na pesa ya mfuko.

Kuhusu vitu vingine vya sokoni sina mengi. Samaki aina ya tomson kutoka Namibia ameendelea kuuzwa kwa kipande, na vipande vimezidi kuwa vyembamba. Makala, yaani makaa ya kupikia, hupanda bei kila umeme unapokatika kwa muda mrefu, kwa kuwa hata wenye majiko ya umeme hukimbilia humohumo. Sombe (majani ya muhogo) na lengalenga (mchicha) ndizo zilizobaki na bei ya kiungwana, hasa asubuhi.

Njia ninayoiona bora kwa wenye kipato kidogo ni kununua punje za mahindi kwa meka na kuzipeleka kwenye mashine ya kusaga. Punje hazifichi kitu kama unga, hazichanganywi kwa urahisi, na pumba hubaki mali ya mnunuzi, ambaye anaweza kuwauzia wafuga kuku. Zaidi ya hayo, baada ya mavuno ya Aprili na Mei punje hushuka bei kabla ya unga wa kiwandani, kwa hiyo majirani watatu au wanne wanaochangishana wakati wa kiangazi huweza kununua gunia moja na kugawana, kisha wakaepuka bei za Januari na Februari, ambazo kwa kawaida ndizo kali zaidi. Gharama ya kusaga iongezwe katika hesabu tangu mwanzo. Foleni kwenye mashine ni ndefu siku umeme unaporudi, na baadhi ya wenye mashine huhifadhi sehemu ya unga ndani ya mtambo na kudai kwamba imepotea kama vumbi. Ni vizuri mahindi yapimwe kabla ya kusagwa, mwenyewe akiwa amesimama hapo, na unga upimwe tena pamoja na pumba zake kabla ya kulipa.