Jukwaa au kamera: mwigizaji wa Nakuru aanzie wapi?

Nasema jukwaani, na sababu nimeziona kwa macho kwenye maonyesho ya tamthilia teule, zile zinazotahiniwa, mashuleni. Watu 6 hugawana wahusika 15. Anayetoka akiwa chifu ana dakika 2 nyuma ya pazia: anapaka unga wa ngano nyweleni, anapinda mgongo, anaburuta mguu wa kushoto, na anayerudi ni mlevi mzee ambaye hata mimi niliyekaa mbele sikumtambua. Shuka ikimfunguka, hakuna wa kusema turudie. Wanafunzi nao hawana subira. Ukiwachosha, minong'ono huanza papo hapo.

Kamera hutaka kingine. Sauti inayofika safu ya mwisho pale Nakuru Players Theatre, kwenye skrini huwa kelele; kope ikicheza tu yatosha. Tena tukio la mwisho laweza kurekodiwa siku ya kwanza, kwa hiyo unabeba machozi ya msiba ambao bado hujauigiza. Huo ni ufundi mgumu, nauheshimu sana.

Pesa? Skrini mara nyingi hulipa zaidi. Lakini kazi nyingi ziko Nairobi, kilomita 160 hivi kutoka Nakuru, zaidi ya 300 kutoka Kisumu, na nauli ya usaili ni yako.

Kinachoniuma ni kwamba ukipendwa kama bawabu kwenye runinga, utaitwa kuigiza bawabu miaka nenda miaka rudi. Kwa hiyo kijana akiniuliza, namwambia akae na kikundi misimu miwili kwanza, ndipo apande matatu ya Nairobi.