Kambo ya msituni au ya mjini: ipi afadhali?

Kambo ni ute wa chura unaotumiwa kama dawa ya kienyeji; msituni au mjini, ute ni uleule. Unatolewa kwenye ngozi ya chura wa kijani, Phyllomedusa bicolor, na kupakwa kwenye alama ndogo zilizochomwa kwa kijiti chenye moto. Dakika chache tu, moyo unakwenda mbio, uso unavimba, unatapika.

Kwa makabila ya Wamatsés wa Peru na Wakatukina wa jimbo la Acre, Brazili, hii ni dawa ya mwindaji: inaondoa mkosi na uvivu kabla ya kuingia porini. Kwa ujuzi, msituni panashinda. Ila mambo yakiharibika, hospitali iko mbali.

Mjini, hospitali iko jirani, lakini unalipa pesa nyingi na kusikia ahadi kubwa zaidi: kuponya uraibu, sonona, maumivu sugu. Utafiti wa kuthibitisha hayo haujapatikana. Brazili ilipiga marufuku kuitangaza kambo mwaka 2004. Kinachonitia hofu zaidi ni maji: watu hunywa lita kadhaa kabla ya kupakwa, sodiamu ya damu ikashuka, degedege likafuata. Vifo vimetokea.

Maabara nazo zimo. Dermofini, peptidi (mnyororo mfupi kama wa protini) ya ngozi ya vyura wa ukoo huu, hutuliza maumivu kuliko mofini. Bado si dawa ya hospitalini, ingawa walaghai wa mbio za farasi Marekani waliishaikimbilia, wakiwapa farasi wao.

Mwenye hamu ya kujua mila, aanzie kwa wenyewe. Mwenye sonona aanze kwa daktari. Mgonjwa wa moyo, mwenye kifafa au mjamzito asiguse yoyote.