Mchanga wa kumwaga au ukuta: mvuvi wa mshipi achague nini?

Bahari ikiula ufuo, huku Bamburi na Nyali, Mombasa, wenye majumba hukimbilia ukuta wa mawe na zege. Njia nyingine ni kuleta mchanga na kuumwaga ufuoni, jambo ambalo Marekani, hasa Florida, wamelifanya kwa miaka mingi.

Kwa anayetupa mshipi, mchanga una balaa lake la haraka. Chimba kwa kidole maji yakipwa: minyoo, chaza wadogo, vijikaa vinavyorudi chini kabla hujavishika. Hicho ndicho chakula cha samaki wanaosogea ufuoni maji yakijaa. Ukiwamwagia tabaka nene, wengi hufa papo hapo, na samaki hawana cha kufuata. Lakini wanyama hao hurudi. Mchanga ukifanana na wa awali kwa ukubwa wa chembe, ni suala la miezi. Ukiwa na tope au vipande vingi vya kombe, huweza kupita mwaka. Sehemu ya mchanga wetu inatokana na matumbawe, kwa hiyo kuleta wa mtoni ni kujitafutia taabu.

Ukuta hauziki mnyama siku ya kwanza, ila wimbi likiugonga hurudi na mchanga wa chini yake. Ufuo huzidi kuwa mwembamba, na kaa wanaochimba mashimo juu ya alama ya maji kujaa hukosa pa kukaa. Hapo hakuna kusubiri warudi.

Mimi ningechukua mchanga, tena wa kumwagwa vipande vipande, ili wadudu wa pembeni wahamie. Gharama? Hiyo ndiyo shida: bahari huuchukua tena, na inabidi kurudia.